Hewa ya Mtungi na Degedege la Mzamiaji

Leo nazungumza nawe uliyeko Shella, hapa Malindi, ambaye mwanao au mume wako huteremka baharini na mtungi mgongoni kuwaonyesha wageni samaki na matumbawe. Huenda siku moja ukaletewa habari kwamba alipokuwa chini midomo ilimchezacheza, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikatupatupa. Mmoja atasema ni kifafa. Mwingine atasema ni shetani wa baharini, na kabla jua halijatua ubani utakuwa umeshafukizwa. Lakini kuna sababu nyingine ya kuulizia kwanza, nayo ni hewa aliyokuwa akiivuta.

Katika kila sehemu 100 za hewa hii tunayovuta barazani, karibu 21 ni oksijeni. Mwili wetu umezoea kiasi hicho. Sasa, kila mita 10 anazoshuka mzamiaji, maji humkandamiza zaidi kwa nguvu sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu. Mtungi nao humpa hewa yenye mgandamizo uleule wa maji, la sivyo kifua kisingeweza kutanuka. Basi akiwa mita 10, pumzi moja ina oksijeni mara mbili ya ile ya barazani. Akifika mita 30, ni mara nne.

Oksijeni ikizidi mno, huziudhi neva. Ubongo una kemikali za kuchochea na nyingine za kutuliza, kama gari lenye mafuta na breki. Oksijeni ya mgandamizo mkubwa huilegeza ile breki. Neva hutuma amri ovyo na misuli hutii. Mara nyingi huanzia usoni, kwenye midomo. Mtu anaweza pia kusikia mlio masikioni, kuona kama anachungulia ndani ya bomba, kuhisi kichefuchefu au kizunguzungu. Lakini wapo wanaoshikwa na degedege ghafla, bila dalili yoyote. Mfaransa Paul Bert alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwa hiyo si habari ngeni.

Degedege lenyewe kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Kinachoua ni kule kupoteza fahamu, kifaa cha kupumulia kikamtoka mdomoni, akavuta maji.

Wataalamu wameweka mpaka: oksijeni isizidi karibu mara saba ya ile tunayovuta nchi kavu. Kwa hewa ya kawaida, mpaka huo uko karibu na mita 57. Mtakumbuka gari lililotumbukia kutoka feri ya Likoni mwezi Septemba 2019. Lilipatikana kwenye kina cha mita 58. Wageni wetu hawashuki kiasi hicho. Ila kuna mitungi iliyoongezwa oksijeni, iitwayo nitroksi. Yenye sehemu 32 za oksijeni, mpaka wake ni karibu mita 33 tu. Oksijeni tupu haifai kupita mita 6. Kwa hiyo muulize kijana wako: mtungi huu una hewa gani, na nani ameipima? Akikujibu kwamba mitungi yote ni sawa, usimwache aondoke na jibu hilo.

Anayezamia kwa pumzi yake mwenyewe hana hatari hii. Yake ni ya kuishiwa oksijeni na kuzimia, na hiyo tutaipa siku yake.

Akipandishwa chomboni huku bado anatetemeka, asishikiliwe kwa nguvu wala asitiwe kijiko mdomoni. Mtetemeko ukikoma, alazwe ubavu. Ikiwa hapumui, apewe pumzi za mdomo na akandamizwe kifua bila kuchelewa. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, maana huenda maji yameingia mapafuni. Mwambieni daktari kina alichofika, muda aliokaa, na hewa ya mtungi.

Maumivu ya viungo au ganzi ya miguu baada ya kupanda juu ni maradhi mengine, yaletwayo na mapovu ya gesi ya naitrojeni mwilini. Ajabu ni kwamba dawa yake ni oksijeni hiyohiyo, anayopewa ndani ya chumba maalumu cha mgandamizo. Huko, katika matibabu yanayotumika sana, mgonjwa huvuta oksijeni dakika 20, kisha hewa ya kawaida dakika 5, ili neva zipumzike.

Nimeliweka mwisho jambo linalonikera. Wapo akina mama wanaosikia habari kama hizi, kisha mtoto akiugua nimonia wanakataa awekewe oksijeni wodini, wakisema itamtia degedege, au kwamba anayewekewa mpira puani ndiye wa kufa. Mama, wodini hakuna maji ya mita 30 yanayomkandamiza mwanao. Oksijeni ile haimpi degedege la mzamiaji, inamsaidia kupumua. Kwa mtoto njiti wauguzi hukipima kiasi chake kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ya macho yake. Ukiwa na wasiwasi muulize muuguzi, lakini mpira usiutoe.