Kunguni wa Mbaazi na Bakteria wa Udongoni

Mkulima wa mbaazi wa Nachingwea au Ruangwa anawajua kunguni wafyonzao maganda machanga hata punje zikasinyaa. Hununua dawa, na bei yake si ndogo. Kwa kawaida usugu wa mdudu hujengeka kwa kurithiwa, vizazi vingi. Lakini mwaka 2012 Yoshitomo Kikuchi na wenzake nchini Japani walionyesha njia ya mkato. Tunutu wa kunguni Riptortus pedestris humeza bakteria wa Burkholderia kutoka udongoni, akawafuga katika vifuko vya utumbo. Udongo ukipulizwa fenitrothioni mara kwa mara, bakteria wailao dawa hiyo husitawi. Kunguni akiwapata, huwa sugu katika kizazi kile kile! Jamaa yake, Riptortus dentipes, hushambulia mikunde Afrika Mashariki. Mwenye kupima usugu shambani, basi, achukue kunguni pamoja na udongo.