Jeneza la Misri na Jina la Babu

Mwanafunzi wa historia hapa Machakos akiulizwa habari za Misri ya kale, hatakawia kumtaja Tutankhamun, mfalme kijana ambaye kaburi lake lilifunuliwa na Howard Carter mwaka 1922. Atakumbuka pia kwamba alizikwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na kwamba lile la ndani kabisa lilikuwa la dhahabu, uzito wake zaidi ya kilo 100. Ni nadra, hata hivyo, aulizwe swali lililo kubwa zaidi: fahari yote hiyo ilikuwa na maana gani?

Ndani ya kifuniko Wamisri walizoea kumchora Nut, mungu wa kike wa mbingu, ili amfunike marehemu kama mama amfunikavyo mwanawe. Ubavuni waliweza kuchora macho mawili, apate kulitazama jua likichomoza. Matajiri walitumia mierezi iliyoletwa kutoka Lebanoni; wengine walitosheka na mti wa kwao, mkuyu, ule ule uotao kando ya mito ya Ukambani. Lakini lililothaminiwa mno lilikuwa jina lililoandikwa juu ya mbao hizo. Waliamini kwamba jina likifutwa, mwenyewe amekufa mara ya pili.

Imani hiyo si ngeni kwetu. John Mbiti, mwanachuoni aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu huhesabiwa kuwa angali hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mkamba hakuliandika jina hilo ubaoni. Alilikabidhi kwa mtoto: mjukuu akapewa jina la babu au nyanya yake, na kila alipoitwa, mzee naye aliitwa.

Tuyatazame basi matendo yetu. Mzee akifariki, kamati huundwa, michango hukusanywa, ng'ombe huuzwa, pengine na kipande cha shamba. Hununuliwa jeneza lenye vishikio vinavyometameta, na saa chache baadaye udongo umelifunika. Muhula ukifunguliwa, mjukuu mwenye jina la mzee yule anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Je, hapo tumemheshimu nani?

Wapo watakaosema kuwa marehemu hana budi kusitiriwa kwa heshima. Ni kweli, wala hakuna amtakiaye mzazi wake mazishi ya aibu. Lakini heshima si thamani ya mbao. Wamisri wenyewe ni mashahidi: dhahabu iliwavuta wezi, na makaburi mengi ya wafalme yaliporwa tangu enzi hizo hizo za kale. Kinyume chake, miili ya baadhi ya watu waliofukiwa mchangani bila jeneza ilikaushwa na mchanga huo, ikadumu zaidi ya miaka 5,000.

Mwalimu afundishapo habari za Misri na awaulize wanafunzi wake: wewe umepewa jina la nani, naye alikuwa mtu wa namna gani? Nazo kamati za mazishi zitenge kwanza karo ya wajukuu, ndipo zimwendee seremala. Jeneza la kadiri latosha kumsitiri mzee. Jina lake limo darasani, na huko ndiko linakohitaji kutunzwa.