Geuza Gitaa, Usiugeuze Mkono wa Mtoto

Gitaa la umeme la kanisa kwa kawaida ni moja, na limeundwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kijana wa mashoto akilishika, anapewa jibu ambalo watoto wengi wa mashoto walipewa darasani walipotaka kuandika: zoea. Wapo wanaozoea. Wapo pia wanaolirudisha gitaa kwenye kona yake na kwenda kukaa na waimbaji, na kipaji kinaishia hapo bila mtu yeyote kukijua.

Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani ni mashoto. Katika kwaya ya vijana thelathini, watatu hivi ni wa aina hiyo. Makala haya ni yao, ya wazazi wao, na ya fundi wa mtaani atakayeletewa gitaa la mkono wa kulia aligeuze. Kazi hiyo inawezekana, na fundi mwenye tupa, bisibisi na subira anaimudu.

Fort Ternan ni mahali panapofaa kulizungumzia jambo hili. Reli ya kutoka Nakuru inateremka hapa kuelekea Muhoroni na Kisumu. Juu kuna nyanda za Kericho na majani chai yake, chini kuna miwa ya Koru. Masikio ya mtu wa hapa yamelelewa na muziki wa pande zote mbili: benga ya Nyanza, ambayo magitaa yake yalijifunza kutoka kwa nyatiti yenye nyuzi nane, na gitaa la Kikipsigis lililovumishwa na akina Kipchamba arap Tapotuk. Gitaa la solo la benga hupanda juu shingoni na kuchezea zile nyuzi nyembamba. Kumbuka hilo, maana litaamua ni gitaa la umbo gani linalofaa kugeuzwa.

Wala watu wa milima hii si wageni wa kugeuza. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwenye sahani za santuri. Wakipsigis walilichukua jina wakalitamka kwa ulimi wao, wakampa yule mgeni umbo la nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi chao cha chepkong. Waliokifanyia hivyo kitu cha mbali hawana sababu ya kukiogopa kipande cha mbao chenye nyuzi sita.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kupiga kwa mkono wa kulia kama wengine. Isidharauliwe. Mark Knopfler ni mashoto, na amejenga jina kubwa akipiga gitaa la kawaida. Anayeifuata anaweza kuazima gitaa lolote popote. Lakini uamuzi huo uwe wa mpigaji mwenyewe.

Njia ya pili ni kulipindua gitaa bila kugusa nyuzi, ili uzi mwembamba uwe juu na mnene uwe chini. Ndivyo alivyopiga Albert King, bingwa wa bluzi. Ndivyo pia alivyopiga Elizabeth Cotten wa North Carolina, aliyejifunza utotoni na akawa anapiga besi kwa vidole na wimbo kwa kidole gumba. Faida yake ni kwamba gitaa la kanisa linabaki lilivyo kwa wenzako. Gharama yake ni kwamba kila kodi unaigundua upya, kwa kuwa mkao wa vidole anaokuonyesha mwalimu haukufai.

Njia ya tatu ni kulipindua gitaa na kuzipanga nyuzi upya, mnene juu na mwembamba chini. Jimi Hendrix alikuwa na gitaa jeupe aina ya Stratocaster, la mkono wa kulia, lililogeuzwa hivyo alipopanda jukwaani Woodstock mwaka 1969. Kwa mtoto anayeanza, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Akiketi kumwelekea mwalimu, ataona kila mkao wa vidole kama ajionavyo kwenye kioo, na atajifunza nyimbo zilezile kwa mwendo wa wenzake.

Chagua umbo kwanza

Gitaa la umeme hugeuzwa kwa urahisi kuliko lile la sanduku. Kwenye gitaa la sanduku, mfupa wa darajani, pale nyuzi zinapoishia mwilini, hukaa kimshazari, na mara nyingi mbao za ndani zimepangwa kwa kufuata upande mmoja. Gitaa la umeme lenye daraja la vipande sita, kila uzi na kipande chake, lina skrubu za kusogeza kila uzi mbele au nyuma.

Tazama mikato iliyo pale shingo inapokutana na mwili. Gitaa lenye mkato mmoja, kama Les Paul, likipinduliwa mkato unakwenda juu, na mkono unakwama kabla ya kufika sauti za juu. Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, ina mikato miwili, ila wa chini ni wa kina zaidi, kwa hiyo ukiipindua unabaki na ule mfupi. Umbo la SG, lenye mikato miwili inayokaribiana, linamfaa zaidi mpiga solo wa benga, kwa sababu wimbo wake unaishi huko juu.

Kazi ya fundi

Moyo wa kazi ni kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo, karibu na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitisha nyuzi. Katika seti ya kawaida, uzi mwembamba una unene wa inchi 0.010 na mnene inchi 0.046, tofauti ya zaidi ya mara nne. Uzi mnene hauingii kwenye mfereji wa mwembamba. Uzi mwembamba ukiwekwa kwenye mfereji wa mnene, unacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake, na sauti inazomea. Kukigeuza tu kipande cha zamani hakutoshi, kwa sababu mifereji yake huteremka kuelekea kichwani, na ukikigeuza mteremko unaelekea upande usiofaa.

Tengeneza kipya. Mfupa wa ng'ombe, uliochemshwa ukaisha mafuta na kukauka vizuri, ni kitu ambacho mafundi wa magitaa wamekitumia kwa muda mrefu, na bucha haiko mbali. Ukate, uusawazishe kwa tupa na msasa, na ufunike pua na mdomo kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu. Chonga mifereji kidogo kidogo. Kupima kina, bonyeza uzi kwenye chuma cha tatu cha shingo, kisha utazame juu ya chuma cha kwanza: pabaki nafasi ndogo kama unene wa unywele. Ukipita hapo, uzi utagonga chuma na itabidi uanze na mfupa mwingine. Bandika kwa matone machache tu ya gundi, na ukihifadhi kile kipande cha zamani, ili gitaa liweze kurudi lilivyokuwa siku likihitajika.

Halafu uende darajani. Tuni uzi ukiwa wazi, kisha uubonyeze kwenye chuma cha kumi na mbili. Sauti iwe ileile, oktava moja juu. Programu ya kutuni kwenye simu itakuonyesha. Sauti ikiwa juu mno, kisogeze kipande cha uzi huo mbali na shingo. Ikiwa chini mno, kisogeze karibu na shingo. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, kwa sababu vipande vya uzi mnene na vya uzi mwembamba havikai mahali pamoja.

Yanayobaki ni madogo, lakini yasiporekebishwa humchosha mpigaji. Kishikizo cha mkanda kihamishiwe kwenye pembe ambayo sasa iko juu, na tundu la zamani lizibwe kwa njiti na gundi. Vitufe vya sauti sasa viko chini ya mkono unaopiga, na kiwiko kinaweza kuvizungusha katikati ya wimbo, kwa hiyo ondoa kifuniko cha kile kinachosumbua zaidi. Kama tundu la waya liko ubavuni, sasa linatazama juu, basi pitisha waya nyuma ya mkanda. Alama za nukta ubavuni mwa shingo sasa zinatazama sakafu, na matone ya rangi ya kucha upande wa juu yanatosha kumwongoza mtoto.

Sauti nayo itabadilika kidogo. Kwenye Stratocaster, sumaku ya karibu na daraja imekaa kimshazari, na ukilipindua gitaa nyuzi nyembamba zinanaswa mbali zaidi na daraja. Zinapata uzito kidogo, na zile nene zinang'aa zaidi.

Kabla ya kununua

Familia nyingi za wakulima wadogo wa chai hungoja bonasi ya Oktoba kununua vitu vikubwa. Ukienda dukani na mtoto, usimwambie namna ya kushika gitaa. Mwachie achague upande mwenyewe, umtazame. Akilipindua bila kuambiwa, ameshakujibu. Chagua gitaa lenye mikato miwili inayokaribiana na daraja la vipande sita, na ubakize pesa za nyuzi mpya na za fundi.

Na kiongozi wa kwaya anayemwona kijana akilishika gitaa kinyume, amuulize swali moja kabla ya kumsahihisha: unataka tukugeuzie?