Mtoto wa Mbwa na Daktari wa Mifugo

Wasomaji wetu wengi hufuga mbwa kwa ulinzi, lakini ni wachache wampelekao mtoto wa mbwa kwa daktari kabla hajaugua. Twaona yafaa tulieleze jambo hili.

Kwanza mtafuteni daktari aliye na cheti. Katika Tanzania madaktari wa mifugo huandikishwa na Baraza la Veterinari, nanyi mna haki ya kukiulizia cheti. Mwenye nacho hachukii. Tena mwulizeni chanjo zake huziweka wapi. Chanjo hutaka kukaa penye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na ile iliyozungushwa juani mfukoni mwa mtu huenda isifae kitu, ingawa fedha imekwisha lipwa. Hilo ndilo tuliogopalo zaidi, maana mwenye mbwa hujiona salama, naye si salama. Na kichaa cha mbwa kikiisha onyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna aponaye.

Mpelekeni akiwa na majuma 6 hadi 8. Chukueni kinyesi chake kidogo katika kikopo safi, kwa kuwa minyoo huwapata wengine tangu tumboni mwa mama. Andikeni siku aliyozaliwa na dawa alizopewa. Mchukueni kikapuni, wala msimweke chini penye mbwa wagonjwa.

Chanjo ya kichaa hufuata atimizapo miezi 3, nayo hurudiwa baada ya mwaka. Cheti chake kitunzeni, kwani mtu akiumwa kitaulizwa. Hata kikiwapo, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.