Mafuta ya Nyonyo kwa Mtoto: Yaishie Kwenye Ngozi

Mtoto wa miezi miwili akikaa siku nne bila kupata choo, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Bibi atasema ni mchango, jirani atashauri kijiko cha mafuta ya nyonyo. Lakini mtazame mtoto mwenyewe: ananyonya vizuri, tumbo ni laini, mkojo anapata. Huyo haumwi. Kuanzia wiki ya sita hivi, mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, na choo kikija kikawa laini. Wa kupelekwa hospitali ni mchanga ambaye hajapata choo saa 48 tangu azaliwe, au mtoto yeyote mwenye tumbo lililovimba na kuwa gumu, anayetapika nyongo ya kijani au kutoa choo chenye damu.

Mafuta haya, yanayokamuliwa kutoka mbegu za mbarika, ni dawa ya kuharisha kwelikweli. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni risinoleiki, ambayo ikifika utumboni huifanya misuli ya utumbo ijikaze kwa nguvu. Mtu mzima ataharisha, atakunywa maji, yataisha. Mtoto mchanga hukaukiwa maji upesi mno: utosi unabonyea, midomo inakauka, nepi inakaa kavu kwa saa nyingi. Tena mafuta ni mazito. Mtoto anayebanwa pua anyweshwe huku analia hupaliwa kwa urahisi, na mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia ambayo antibiotiki haiondoi chanzo chake. Kwa sababu hiyo hiyo usimdondoshee puani anapokuwa na mafua. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Mafuta ya nyonyo hayana nafasi humo.

Kwenye ngozi ndiko yanakofaa. Hayatibu ukurutu, ila huzuia ngozi kavu isipoteze unyevu, na yale magamba ya manjano ya kichwani hulainika. Kwa kuwa yananata sana, changanya matone machache na mafuta mepesi ya mtoto. Kwanza paka tone moja mkononi mwake usubiri siku nzima. Pakiwa pekundu au pakitoka vipele, acha. Kama pako sawa, paka kichwani kidogo, subiri kama robo saa, chana taratibu kwa brashi laini, kisha osha kwa shampuu ya watoto. Usiache mafuta yalale kichwani, maana fangasi wanaohusishwa na magamba hayo hula mafuta. Usikwangue kwa kucha.

Kuhusu nywele nitasema wazi: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mafuta haya huziotesha. Nywele za kuzaliwa hupukutika zenyewe na nyingine huota, mafuta yapakwe yasipakwe. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, na macho yasiguswe.

Wanaokamua nyumbani wafungie mbegu mbali na watoto. Zina sumu ya risini, ambayo kwa kawaida hubaki kwenye mashudu, na mbegu zenyewe zina madoadoa ya kupendeza yanayomvuta mtoto anayetambaa. Akizitafuna, mkimbize hospitali hata kama bado anacheza, kwa sababu kutapika na kuharisha huweza kuanza saa kadhaa baadaye.