Manjano ya Siku ya Kwanza Hayasubiri

Mama wa Mbagala, Dar es Salaam, akijifungua salama, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili. Iwe Zakhiem au Charambe, mapokezi ni yale yale: mzazi anaingia chumbani, pazia linashushwa, arobaini inaanza. Ni malezi mema, mama anapata kupumzika. Lakini manjano ya mtoto mchanga hupamba moto kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati mtoto yumo gizani na hakuna mtaalamu wa kumtazama.

Zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa miezi ikiwa imetimia huwa na manjano kidogo, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yanayotokea kabla ya saa 24 kupita ni hatari daima, na chanzo chake kimojawapo kikubwa ni damu ya mama na ya mtoto kutopatana.

Mama wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni mwake. Mtoto akirithi A au B kwa baba, kingamwili hizo zinaweza kupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Chembe zikivunjika hutoa bilirubini, taka ya rangi ya njano ambayo ini changa halimudu kuiondoa upesi. Wengi hawadhuriki sana, ila hata mzaliwa wa kwanza anaweza kupatwa. Kutopatana kwa Rh, ile chanya au hasi ya kundi la damu, ni nadra kwetu, kwa kuwa wenye Rh hasi ni wachache, lakini madhara yake ni makali zaidi. Mimba ya kwanza kwa kawaida husalimika; zinazofuata ndizo huumia. Kinga ni sindano ya anti-D kwa mama mwenye Rh hasi, ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye Rh chanya, au mimba ikiharibika.

Bilirubini ikizidi huingia ubongoni. Mtoto hulala mno na kukataa ziwa, kisha hulia kwa sauti kali na kupinda mgongo. Akinusurika anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo.

Wengi hushauri mtoto aanikwe juani asubuhi. Ushauri huo una asili yake: mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona ngozi ya mtoto iliyopata jua imepungua umanjano, na tiba ya taa ikaanzia hapo. Lakini taa ya bluu hutoa mwanga wa kipimo, mchana na usiku, mwili ukiwa wazi na macho yamefunikwa. Jua la uani halifikii hapo. Maji ya glukosi nayo hayasaidii. Mnyonyeshe mara kwa mara, maana bilirubini hutoka kwa choo.

Ili kumkagua nyumbani, msogeze mtoto mlangoni mchana. Mbonyeze pua au kifua kwa kidole, achia, utazame kama pameacha unjano. Kagua weupe wa macho na fizi. Manjano yakifika viganjani na nyayoni, ni dharura.

Mjamzito, hakikisha kundi lako la damu na Rh vimeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ukiwa O au Rh hasi, mkumbushe mkunga kabla hujaruhusiwa. Nanyi bibi na shangazi mnaomlea mzazi, mkiona manjano siku ya kwanza, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msisubiri jua la kesho.