Mshubiri: Dawa Mbili Katika Jani Moja

Apitaye Mtaa wa Msimbazi kwenda sokoni Kariakoo hakosi kuwaona wauza dawa za miti shamba waliotandika magunia kando ya njia, na juu yake magome, mizizi, majani ya mwarobaini, na yale majani manene ya mshubiri yenye miiba pembezoni. Mnunuzi akisimama huambiwa kuwa jani hilo latibu tumbo, kisukari, shinikizo la damu, vidonda, na mambo mengine yasiyotajwa mbele ya wakwe. Basi mama hulinunua, hulitia kikapuni, akenda zake nyumbani akalisaga lote pamoja na ganda lake, akanywa. Nasi twauliza: amekunywa dawa gani? Maana ndani ya jani lile zimo dawa mbili, wala kazi zake hazifanani.

Ukilikata jani la mshubiri, kwanza hutiririka utomvu wa manjano kutoka chini ya ganda. Huo ndio shubiri yenyewe, ile tuitajayo tukitaka kusema kitu ni kichungu mno. Ukikaushwa hugeuka mabonge meusi, na kazi yake ni moja: ni haluli, huendesha tumbo kwa nguvu. Ama ndani kabisa ya jani mna nyama nyeupe itelezayo kama ute wa yai. Hiyo ndiyo ipozayo ngozi.

Watu wa pwani hii waijua shubiri tangu zamani. Ilichumwa katika kisiwa cha Sokotra, ikapakiwa majahazini, na nyingine ikapitia Unguja, hata wafanya biashara wa Ulaya katika karne ya 19 wakaiita aina yake moja kwa jina la Zanzibar. Waarabu huiita sabir, na herufi zake ndizo zile zile za neno subira. Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja alikuwa safarini na Aban bin Uthman hali wamehirimia, akashikwa na maumivu ya macho, na walipofika Rauhaa yakamzidi. Aban akamwagiza ayafunge kwa shubiri, kwani baba yake, Sayyidna Uthman (R.A.), alipokea jambo hilo kwa Mtume (S.A.W.). Twajifunza hapo kuwa dawa hiyo haiiharibu ihramu, kwa kuwa si manukato. Lakini asitokee mtu leo akakamua jani bichi ndani ya jicho la mwanawe kwa hoja ya hadithi hiyo. Macho yana matabibu wake.

Tuanze na ute, ambao ndio wenye manufaa mengi nyumbani. Mtu akiungua kidogo kwa mvuke wa chungu au mafuta ya maandazi, kwanza apoze mahali pale kwa maji safi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20. Kisha achukue jani, alisimamishe mpaka utomvu wa manjano uchuruzike wote, alioshe, alimenye ganda, apake ute mtupu. Hufaa pia kwa ngozi iliyokauka na kichwa chenye mba. Wako ambao ngozi zao huukataa, basi ujaribiwe kwanza mahali padogo mkononi. Ama mtoto aliyeungua sana, au jaraha lenye kina, hilo ni la hospitali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1991 juu ya wanawake waliopasuliwa uzazini ulionyesha kuwa majaraha yaliyopakwa ute huo yalichelewa kupona.

Utomvu wa manjano ndio wenye hatari. Mja mzito asiunywe, kwa kuwa huenda ukamletea msokoto wa tumbo na kuhatarisha mimba. Wala mwenye kunyonyesha, wala mtoto mdogo, wala mwenye maradhi ya figo. Anywaye dawa za kisukari, za moyo au za kupunguza maji mwilini hana budi kumwuliza tabibu wake kwanza, maana kuhara humwondolea mtu chumvi ambazo moyo wazihitaji. Huko Marekani, mwaka 2002, serikali iliziondoa dawa za haluli zenye shubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Tena mishubiri ni zaidi ya aina 500, na miongoni mwake zimo zenye sumu. Jani lililochumwa porini si lazima liwe la ule tuujuao.

Mama zetu walipaka shubiri chuchuni ili kumlikiza mtoto. Qur'ani Tukufu imetaja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na ikaruhusu kulikiza kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wote wawili. Mtoto aimezaye utomvu ule aweza kuharishwa siku ile ile anaponyimwa maziwa ya mamaye, nao ni mtihani mkubwa kwa mwili mdogo. Kupunguza ziwa kidogo kidogo, huku akizoeshwa uji, ni jambo la huruma zaidi.

Na muuzaji je? Imepokewa kwa Abu Daud na wengineo kuwa ajifanyaye tabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo imeunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga hutakiwa kujiandikisha. Haidhuru basi kumwuliza mwenye gunia kama amejiandikisha, na jani lake limetoka wapi. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Aliye na ua, hata mdogo kama nyua za Kariakoo, aweza kuupanda wake mwenyewe katika debe lililotobolewa chini. Hautaki maji mengi. Ukimwagiliwa kila siku huoza shina. Baada ya muda huchipua watoto ubavuni, na hao ndio majirani hupeana bila ya kuuziana.